DEREVA, SIMAMA!

Ajali haina kinga, walinena wahenga, na kila dereva wa jiji hili ameikariri methali hiyo utadhani ni sala. Akimgonga mpita njia, ajali haina kinga. Akiliparuza gari la mwenzake pale raundabauti ya University Way, bwana wee, ajali haina kinga. Mimi sina ugomvi na wahenga. Naomba tu niulize, msomaji mpenzi: je, ile nusu saa inayofuata ajali, nayo haina kinga? Hapo ndipo nitakapopiga kambi leo, kwa maana nimeona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kunusurika kwenye mgongano, kisha akaangamizwa na yale yanayotendwa baada ya breki kulia.

Mimi ni mkaazi wa Kangemi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Barabara ya Waiyaki naivuka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Barabara hiyo hutokea Uhuru Highway katikati ya jiji, ikapita Westlands, ikafika kwetu Kangemi, ikaendelea Mountain View na Uthiru hadi Kikuyu, na asiyechoka huifuata mpaka Nakuru na mbele yake. Humo mna matatu za 23 na 105 zikishindana kama mafahali wawili zizini, mna malori ya Malaba, mna boda boda, mna mikokoteni ya maji, na mna sisi waenda kwa miguu ambao hatuna hata kengele ya kupiga. Kulingana na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), tangu mwaka 2021 watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waenda kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Kwa hiyo nikiandika kuhusu madereva, naandika kuhusu watu ambao roho yangu iko mikononi mwao kila siku ya Mungu.

Kuna dereva mmoja ambaye sitaacha kumwaza ingawa simjui, wala hakuna amjuaye. Mnamo Oktoba 2015, upande huu wetu wa magharibi mwa jiji, alimgonga mwanamume mmoja kisha akakanyaga mafuta akaenda zake. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto mdogo. Habari hizi nimezisoma baadaye. Majeruhi alikimbizwa kwanza hospitali moja ya Kikuyu. Madaktari wakaona kwamba kichwa kimeumia, na kwamba anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Basi ambulansi ikaanza kuzunguka naye jijini. Hospitali hii haina kitanda, hospitali ile yataka amana kwanza. Maskini ya Mungu, saa 18 mtu yumo ndani ya ambulansi, mkewe yu kando yake! Alipokuja kupokelewa, maji yalikuwa yamezidi unga. Alifariki.

Nchi nzima ilighadhabika, na ilikuwa haki yake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na watu walikinukuu kifungu hicho redioni na magazetini hadi kikakaribia kuchakaa. Hospitali zikalaumiwa, serikali ikalaumiwa. Lakini mbona yule dereva hakuzungumzwa sana? Yeye ndiye wa kwanza kumwacha mtu yule. Wengine wote walimwacha baada yake.

Hebu tufikirie pamoja. Katika nchi hii hakuna gari linaloruhusiwa kuingia barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Hiyo ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Kile cheti kidogo kwenye kioo cha mbele, ambacho abiria hatukitazami, ndicho kinachosimama badala ya mfuko wa dereva pale anapomjeruhi mtu, na mahakama ikiamua, kampuni ya bima hulipa hadi shilingi milioni 3. Dereva anayetoroka, kwa hivyo, hatoroki na bampa lake tu. Anatoroka na cheti. Anatoroka na pesa ambazo zingemlipia yule aliyelala lami kitanda, dawa, na hata magongo ya kutembelea.

Nina jirani yangu muuza mboga. Sitamtaja jina, yeye mwenyewe hapendi. Aligongwa na pikapu jioni moja akitoka kununua sukuma wiki, mguu ukavunjika mara mbili. Pikapu haikusimama. Alienda polisi, tukio likaandikwa katika daftari la OB, akapewa fomu ya P3 daktari akaijaza, na abstrakti ya polisi pia anayo. Ila pale panapotakiwa kuandikwa nambari ya gari pameandikwa kwamba halijulikani. Sasa atamshtaki nani? Pikapu nyeupe? Nairobi hii kuna pikapu nyeupe ngapi? Huko Afrika Kusini wana Hazina ya Ajali za Barabarani inayotokana na ushuru wa mafuta, na hazina hiyo humfidia hata aliyegongwa na gari lisilojulikana. Yeye jirani yangu alifidiwa na mchango wa majirani, mia kwa hamsini, na bado anachechemea.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, nami nitaieleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Ajali ikitokea kwa sababu gari lako lilikuwa barabarani, na mtu akaumia, au gari jingine, jengo au mnyama akadhurika, sharti usimame. Akija mwenye sababu ya kukuuliza, umpe jina lako na anwani yako, jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya gari. Ikiwa kwa sababu yoyote hukumpa mtu habari hizo, ripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita. Basi. Mtoto wa darasa la nne ataielewa.

Niliipeleka sheria hiyo steji ya Kangemi nikamwonyesha dereva mmoja wa matatu aliyekuwa akingoja zamu yake. Ni mtu wa makamo, mpole, na huturuhusu wanafunzi kupanda hata tukipungukiwa na shilingi kumi. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Kijana wangu," akaniambia, "hiyo sheria iko korti. Mimi niko hapa Kangemi. Nikigonga mtu hapa nisimame, unajua nini itafuata?"

"Polisi watakuja, mzee."

"Polisi watakuja kuchukua majivu. Kwanza watu watakuja. Hawaulizi nani alikuwa na makosa. Ni mawe, halafu ni kiberiti. Wewe mwenyewe si ungekuja kuona?"

Utingo wake akadakia, "Na simu yake pia ingeenda, na pesa ya bosi!"

Sikuwa na jibu la haraka, nakiri. Kwa sababu mzee huyo hakunidanganya. Kila mmoja wetu amesikia habari za magari yaliyoteketezwa baada ya kumgonga mtu wa boda boda. Na kuna kisa ambacho hakihitaji kusikika, kwani kilipigwa picha. Tarehe 4 Machi 2022, katika barabara ya Profesa Wangari Maathai, ile ambayo wazee bado huiita Forest Road, hapo tu ukivuka Mto Nairobi kutoka mjini, wanaboda walilizingira gari la mama mmoja, mwanadiplomasia, wakidai kwamba amemgonga mwenzao na kutaka kutoroka. Hawakumwuliza jina wala anwani kama sheria isemavyo. Walimvamia ndani ya gari lake, wakamrarulia nguo, wakamdhulumu huku wengine wakipiga picha kwa simu. Kanda hiyo ilipoenea, kilio kilitanda nchi nzima, na tarehe 8 Machi, siku ya wanawake ulimwenguni, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa wanaboda. Wengi wakatiwa mbaroni. Lahaula! Ati hao nao walisema wanamtetea mwenzao aliyegongwa. Mwenzao alifaidi nini katika yale?

Sasa ziweke habari hizi mbili kando kwa kando, ile ya 2015 na ile ya 2022. Dereva akitoroka, majeruhi hukosa wa kumlipia. Umati ukimvamia dereva, madereva wengine mia wanaotazama hujifunza kutoroka. Ninachoamini mimi ni kwamba kila jiwe linalorushwa kwa dereva aliyesimama huja kumwangukia mtembea kwa miguu wa kesho. Ninayasema haya nikijua hayatanipa marafiki huko steji, maana ni rahisi kuwakemea madereva tukajiacha sisi wenyewe tuliosimama kando tukipiga kelele "Chomaaa!"

Hivyo basi, mwito wangu kwa dereva ni huu: simama. Ikiwa kweli, na nasema kweli, umati umekuja juu na maisha yako yako hatarini, nenda, lakini nenda polisi moja kwa moja. Usiende nyumbani kuoga. Usimpitie shemeji. Ukiwa Waiyaki Way kuna kituo cha Kabete, ukiwa Lavington na Kawangware kuna Muthangari, Westlands kuna Parklands, na mjini kuna Central. Vyote haviko hata nusu saa kutoka hapo kukiwa hakuna msongamano. Ingia, useme, "Nimegonga mtu mahali fulani, tumeni msaada," kisha uhakikishe tukio limeandikwa katika OB na upewe nambari yake. Mtu aliyefanya hivyo hajatoroka. Lakini yule anayejificha siku tatu kwa mjomba wake Limuru mpaka pombe imtoke kichwani, halafu aje na wakili kusema aliogopa umati, huyo asituchezee shere. Barabara ilikuwa tupu saa tisa za usiku, umati upi?

Na akisha kusimama, afanye nini? Hapa ndipo naona ujuzi umetupungukia sote, na nitakaa hapa kidogo.

Azime injini, awashe taa zile za kumetameta. Aweke nyuma ya gari, mbali vya kutosha, vile vibao vyekundu vya pembetatu vinavyong'aa. Kila gari linatakiwa kuwa navyo, lakini hapa kwetu dereva hukata matawi ya mti wa watu na kuyatandaza lami. Matawi si mabaya mchana, ila usiku hayang'ai, na kesho yake hakuna anayeyaondoa, yakawa ajali nyingine. Tena apige simu, au amwombe mtu apige: 999 au 112 ya polisi, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Aseme mahali waziwazi. "Niko Waiyaki Way" si mahali. Waiyaki Way ni ndefu. "Niko karibu na daraja la miguu la Kangemi, upande wa kwenda mjini," hapo ambulansi itafika.

Kisha majeruhi. Ewe msomaji, umewahi kuona jinsi tunavyowabeba watu walioumia? Wawili mabegani, wawili miguuni, kichwa kinaning'inia, moja mbili tatu, mtu anarushwa nyuma ya pikapu kama gunia la viazi kutoka Kinangop. Tunafanya hivyo kwa huruma, naijua huruma hiyo, lakini mtu aliyeumia shingo au uti wa mgongo aweza kupooza mikononi mwa hao hao wanaomhurumia. Kama hakuna moto na hakuna gari litakalomkanyaga tena, aachwe alipo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, na aongeleshwe. Damu ikitoka kwa wingi, shika kitambaa safi, hata sweta ya shule, ukandamize pale pale kwa nguvu bila kuachia kila dakika kuchungulia. Aliyezirai lakini anapumua alazwe kwa ubavu taratibu, huku shingo imeshikiliwa, ili asisongwe na matapishi. Na tafadhali, maji! Kila ajali lazima atokee mama mwema na kikombe cha maji. Asinywe chochote. Akifika hospitalini huenda akahitaji kupasuliwa, na anayepasuliwa hatakiwi kuwa na kitu tumboni.

Kuna na wale wanaokuja kuopoa. Hao nakosa neno la kuwaita. Mtu amelala, anaguna, nao wanampapasa mifuko wakisema wanatafuta kitambulisho. Dereva aliyesimama na kushirikiana na watu wawili watatu wenye utu anaweza kuwazuia, na vitu vya majeruhi vikakabidhiwa polisi. Zaidi ya hayo, ikiwa gari lililoanguka ni lori la mafuta, kazi ya kwanza ya dereva akiwa hai ni kuwafukuza watu. Ukiifuata barabara hii yetu ya Waiyaki hadi upite Nakuru utafika Sachangwan, mahali ambapo tarehe 31 Januari 2009 watu walikwenda kuteka petroli iliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya mia moja wakafa. Walikuwa na ndoo na mitungi. Wengi wao hawakuwa hata abiria wa gari lolote.

Sasa nije kwa madereva wa mjini, wale wa tai na miwani. Hawa hawatoroki. Hawa hawaondoki kabisa! Gari moja limeigusa nyingine pale Uhuru Highway kwenye raundabauti ya Kenyatta Avenue, taa imepasuka, rangi imetoka upana wa sarafu. Basi mabwana wawili watashuka, wataiacha milango wazi katikati ya njia, watashikana mashati kwa Kiingereza. "Do you know who I am?" Nyuma yao msongamano umefika Nyayo, mbele yao raundabauti imefungana kama nyuzi za mshoni, na ndani ya msongamano huo, niaminini, kuna ambulansi inayolia kama mtoto aliyepotea. Ukiwauliza mbona hamsogei, watakuambia sharti polisi waje "kuchora".

Mimi naona hivi. Pakiwa na mtu aliyeumia vibaya au aliyekufa, magari yaachwe yalivyo hadi polisi wafike na kupima, isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Lakini pale ambapo hakuna aliyeumia na magari yanaweza kwenda, siku hizi kila mmoja ana simu yenye kamera. Piga picha magari yote mawili yakiwa palipogongana, piga nambari zake, piga lami na alama za matairi, piga leseni ya mwenzako na cheti chake cha bima. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Kisha sogezeni magari kando, mkagombane huko mpaka koo ziwakauke, na baadaye mwende kituoni kuandikisha. Sisi wanafunzi hatubebi simu shuleni, lakini hata sisi tuna kalamu: herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja ya mwisho, ziandike kiganjani. Jirani yangu angetoa nini kupata mtoto mmoja aliyeziandika jioni ile!

Kuhusu wale wa "tumalizane hapa hapa" sitasema mengi. Noti mbili tatu zinatolewa, mtu anajifuta vumbi, anasema yuko sawa, anaondoka. Usiku anavimba tumbo kwa damu inayovuja ndani, au kichwa kinamwanga asubuhi asiweze kuamka. Pesa zimeisha kwa teksi, na yule dereva hata jina hakuacha. Kama ni bampa kwa bampa, malizaneni mkitaka, lakini andikianeni. Kama ni mwili wa mtu, hapana. Daktari kwanza, polisi pili.

Kuna jambo moja limekuwa likiniudhi kuliko yote, nalo ni dogo. Nimesikia kwamba makampuni ya bima huwaonya madereva wasikubali kosa mbele ya watu, eti kesi itaharibika. Sawa, hiyo ni biashara yao na wanajua hesabu zake. Lakini madereva wengine wameelewa kwamba hata neno "pole" wasilitamke. Unamwona amesimama kando ya mtu aliyemwangusha, mikono mfukoni, anatazama juu kama anayehesabu kunguru, anaogopa kwamba akisema pole amejifunga. Jamani! Katika lugha yetu pole huambiwa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyebeba mzigo mzito, hata mwalimu aliyesahihisha madaftari usiku kucha. Ukimwambia mtu pole hujasema wewe ndiye uliyemjikwaza. Pengine hiyo nayo ni sababu ya chama hiki kuwepo, tuwafundishe watu wa bima Kiswahili.

Ndugu yangu mkubwa alifanya mtihani wa udereva mwaka jana. Alinisimulia kuhusu ule ubao wa mji wa mfano ambao mtahini huuweka mezani, wenye vijibarabara na raundabauti na vigari vya kuchezea. Mtahiniwa huambiwa, toa gari hapa, lipeleke pale, simama hapa, pinda kulia. Nilimwuliza kama mtahini alikilaza kigari kimoja ubavu, akaweka kijiti kando yake kuwa ndiye mtu aliyegongwa, akasema, haya, umefanya ajali, sasa fanya nini? Akaniambia la, hakuulizwa. Alijua ishara zote za barabarani, alijua kuegesha, alijua nani apite kwanza kwenye raundabauti, na leseni akapewa. Ningependa NTSA waliongeze swali hilo moja kwenye ubao ule. Asiyejua majibu asipewe leseni, hata kama anapinda kona kwa mkono mmoja. Na kijiti kile kiwekwe karibu na ukingo wa barabara, upande wa soko, mahali ambapo mama hupita jioni akiwa na mzigo wa sukuma wiki.